Salamu Iliyojibiwa na Kijiji Kizima

Waombolezaji, mashahidi wote saba wa upande wa mashtaka walikubaliana juu ya mambo haya: kwamba Ijumaa, tarehe 14 Machi 2014, baada ya sala ya alasiri, kipaza sauti cha msikiti mkubwa wa Kot Bahlolwal kilizimika katikati ya tangazo la Kari, msomaji Kurani wa msikiti huo, kwamba aliitwa fundi Munawar Ahmad Bajwa akakitengeneza, kwamba katika kukijaribu alisema “Assalamu alaikum”, na kwamba kijiji kizima kilimwitikia. Mengine yote yana ubishi, nami, mpwa wake na wakili wake, nitayasema kwa tahadhari.

Marehemu alizaliwa hapa Kot Bahlolwal tarehe 9 Januari 1949, ingawa dada yake hushikilia kuwa ni mwaka mmoja kabla, nami nimefuata cheti. Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini, akamaliza sekondari Sialkot mwaka 1965, akajifunza ufundi wa redio Lahore kwa miaka mitatu, na mwaka 1970 akafungua duka lake karibu na kisima. Tarehe 11 Aprili 1975 alimwoa Bibi Amatul Shafi, wakajaliwa watoto watatu, Tahira, Nusrat na Luqman, ambao wote wanakiri kwamba baba yao hakuwahi kutengeneza redio ya nyumbani kwake mwenyewe.

Mafundi wengine hujaribu kipaza sauti kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Marehemu alitumia salamu, kwa hoja kwamba hesabu haijibiwi na mtu, lakini salamu hujibiwa, na jibu likitoka upande mmoja tu wa kijiji, fundi anajua ni kipaza kipi juu ya mnara kimekufa. Nimeitafuta kasoro katika hoja hiyo kwa miaka kumi, sijaiona.

Siku ile mwadhini alifika dukani akihema.

“Kaka Munawar, njoo upesi, mashine imezima na Kari yuko katikati ya tangazo.”

“Tangazo gani?”

“Lile la kuwasusia nyie Makadiani. Watu wasinunue kwenu wala wasiwasalimie.”

“Kafika wapi?”

“Kafika kwenye ‘kuanzia leo’.”

“Basi ngoja nivae viatu, watu wasije wakakosa tarehe.”

Alikuta waya umetafunwa na panya, akauunga, akatoa salamu yake, jibu likarudi kutoka pande zote nne, akamkabidhi Kari Ghulam Yasin kipaza, naye akamaliza tangazo kwa sauti ambayo mashahidi watano waliieleza kuwa safi kabisa. Kesho yake marehemu alikamatwa kwa salamu ile, kwa kosa la Muahmadiyya, au Mkadiani kama mwadhini alivyosema, kujifanya Mwislamu, ambalo kwa sheria ya Pakistan adhabu yake yafika miaka mitatu, akakaa mahabusu siku kumi na moja hadi alipopata dhamana. Ofisa mmoja alimshauri aandike mstari mmoja tu, kwamba yeye si Mwislamu, arudi nyumbani. “Mwanangu,” alimjibu, “mimi natengeneza redio, hadithi za kubuni siziwezi.”

Mahakamani nilimuuliza Kari kama aliitikia salamu ile.

“Niliitikia kabla sijajua ni nani.”

“Na ulipojua, ulilifuta jibu lako?”

“Wakili, jibu la salamu linafutwaje?”

Shahidi wa nne, Baba Feroz muuza maziwa, alisema yeye aliitikia akijua fika ni Munawar, kwa kuwa sauti ile ameisikia miaka arobaini, na kama ni kosa basi wafungwe pamoja, ila apewe muda akamue nyati kwanza. Wapo wasemao hakimu alicheka. Karani anasema alikohoa. Mimi niliona kalamu yake ikitikisika, wala sitathibitisha zaidi ya hapo.

Mwaka 2016, kesi ikiendelea, aliyetia sahihi malalamiko yaliyomfanya akamatwe alileta kwa marehemu mashine ya sauti ya harusi ya bintiye, naye akaitengeneza. Sitaliita jambo hilo unafiki, kwa maana unafiki unahitaji ushahidi wa nia. Naliweka tu kwenye kumbukumbu, likiwa na tarehe.

Kesi iliahirishwa mara sitini na tatu. Marehemu alianza kuugua moyo Juni 2024, akalazwa Sialkot, akafariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, siku kumi na sita kabla ya kikao kilichofuata. Kwa sheria, kesi ya jinai hufa na mshtakiwa, hivyo hakutiwa hatiani wala hakuachiwa huru, jambo alilolitaka kuliko yote, yaani asikie kwa masikio yake hakimu akisema salamu yake haikuwa kosa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliofunga maduka leo, na majirani walioleta dengu na wali kwa siku tatu, wengine wao wakiwa kwenye orodha ya mashahidi, ambao kwa usalama wao siwataji. Nawaona pia mliosimama ng’ambo ya barabara kwa kuambiwa msikitini kwamba Mwislamu akija kumzika Muahmadiyya ndoa yake inavunjika, nanyi tunawashukuru.

Faili limefungwa bila hukumu, na mahakama haitaweza kulifungua tena. Ninyi mlikuwepo, mlimsikia, na mnajua mlichojibu. Pimeni wenyewe.

Pumzika, Mjomba, mikononi mwa Yule asiyeahirisha kesi.