Muguu Uliokufa Ganzi

Ndugu zangu, mama wenzangu, mimi ni mukunga. Wengi wenu mikono hii ndiyo iliwapokea siku mulipozaliwa, basi leo munisikilize bila kunicheka.

Nilikuwa mutu wa kutembea. Kabambare, Wamaza, vijiji vyote vya pamba: wakiniita, naenda. Mwaka ule nilishikwa na kiu ya ajabu, nikakojoa kila mara, nikakonda. Nikasema ni uzee. Kisha miguu ikaacha kuuma. Nawaambia, nilifurahi! Nikajisifu, "Miguu yangu sasa ni chuma."

Siku ya Pasaka nilivaa viatu alivyonipa binti yangu, nikatembea masaa matatu mpaka misioni na kurudi. Nyumbani bwana yangu akauliza, "Mama, damu hii inatoka wapi?" Musumari ulikuwa umetoboa soli na kuingia katika wayo. Sikusikia kitu.

Nikafunga wayo kwa majani, nikaendelea na safari zangu za kuzalisha. Kidonda kikapanuka, kikanuka. Watu wakanong'ona kwamba nimerogwa na mukunga mwenzangu kwa wivu. Mungu anisamehe, niliamini. Nikamunyima hata salamu.

Yeye ndiye alikuja kwangu. "Dada, chuki yako weka pembeni. Kidole chako kimekuwa cheusi. Simama twende."

Akanishika mukono mpaka dispanseri. Munganga akanifumbisha macho, akachukua unyoya wa kuku. "Nikikugusa, sema."

Nikangoja, nikangoja. "Anza basi!" nikamwambia.

"Mama, nimekwisha maliza."

Pale, ndugu zangu, ndipo niliogopa. Akachemsha mukojo wangu na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali. Akasema, "Hakuna aliyekuroga. Sukari imezidi katika damu yako, ndiyo imetia miguu yako ganzi."

Wanaume ambao watoto wao niliwapokea wakanibeba begani kwa kipoyi, kile kiti cha miti, mpaka lopitali ya Kasongo. Nikakatwa vidole viwili, nikachomwa sindano, nikafundishwa chakula changu. Lakini neno gumu lilikuwa hili: nisikanyage chini mpaka kidonda kifunge.

Nikalia. "Na wanawake wangu, nani atawazalisha?"

Mwenzangu akajibu, "Mimi. Wewe lala."

Akazalisha wote, wangu na wake, miezi ile yote. Kila mutoto alipozaliwa, alipita kuniambia ni wa kiume au wa kike. Hapo nikamuomba musamaha. Akasema, "Kula kwanza."

Kidonda kilifunga. Natembea tena, polepole, na viatu vipana.

Basi, mwenye sukari asingoje maumivu. Angalia miguu yako kila siku, chini na katikati ya vidole. Macho yakichoka, mutu wa nyumbani akuangalizie. Ingiza mukono katika kiatu kabla ya muguu. Usiote moto, usitembee miguu mitupu. Ukiona kidonda, hata kidogo, nenda siku ile ile.

Aksanti, munganga. Aksanti, bwana yangu, na ninyi mulionibeba. Na wewe dada uliyeketi pale nyuma, jina lako silitaji, lakini simama wakuone.