Kilima kwa Basi

"Kupanda kilima kwa basi si kuendesha baiskeli, mwanangu," mama wa kitalu cha miche alirudia, bila kupunguza sauti.

Kinyozi aliyekaa naye alikuwa na helmeti kichwani na namba ya msafara wa baiskeli wa hisani kifuani. Baiskeli yake ilikuwa juu ya paa. "Mama, pesa ni za kutafiti na kulinda miti. Mti hauulizi nimepandaje kilima."

"Na waliokuahidi kulipia kila kilomita utakayoendesha?"

"Jana nimesimama saluni kutwa. Magoti yamegoma!"

"Basi andika yamegoma. Sisi kwenye utafiti, mche ukifa tunaandika umekufa, hata mfadhili akiwa mlangoni. Tukidanganya, tutalinda nini?"

Mshonaji aliyekaa nyuma yao alijifanya anatazama dirishani. Alikuwa amelea watoto wanne, akajua maneno yale yameingia.

"Konda, nishushe," kinyozi akaita.

"Hapa? Kilele si kile pale!"

"Nishushe, ndugu yangu."

Basi lilisimama. Konda akateremsha baiskeli huku akinung'unika. Kinyozi akaigeuza, akaserereka kurudi bondeni, kilima kilikoanzia, ili akipande upya kwa baiskeli.