Zipu ya Mgongoni

Kwenye foleni ya basi pale Gatina, manyunyu yakitunyeshea, jamaa aliyebeba tairi la baiskeli lililopasuka alikuwa amevaa koti mbele nyuma, zipu ikiwa mgongoni. Mama muuza mitumba aliyekuwa nyuma yake akashindwa kunyamaza. "Kijana, hivyo ndivyo koti huvaliwa?"

"Mathe, hii ni sayansi ya baiskeli. Asubuhi upepo haupiti kifuani. Jua likitoka nafungua zipu, mgongo unapumua."

"Si uvae sweta, ukisikia joto unatoa?"

"Sweta ikinyeshewa inageuka mzigo."

Mimi mwenye sweta nikatazama kando.

Basi lilipofika, manyunyu yakakatika, jua likawaka kweli. Mwanasayansi akapapasa mgongoni, mkono haukufika. "Mathe, nifungulie."

"Asubuhi ulifungiwa na nani?"

"Bibi yangu."

"Basi mngojee," akasema, akapanda.