Fundi Saa Nne, Aliyeitwa Mvivu

Marehemu aliitwa mvivu tangu akiwa na miaka sita, na aliyemwita hivyo ni Baba Mkubwa aliyemlea. Hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mdogo kati ya mabinti wawili. Walipofiwa na wazazi, Baba Mkubwa akawachukua. Mwaka 1985 magoti yakaanza kuvimba. Asubuhi aliamka amekakamaa kama ubao, kikombe hakishikiki. Ikifika saa nne viungo vinalegea, anaruka kamba na wenzake.

"Mnaona?" Baba Mkubwa akasema. "Kazi zikiisha, na yeye anapona!"

Akamchapa. Kisha akamtoa dada mtu shule, darasa la pili, afanye kazi za asubuhi za watu wawili.

Marehemu alimaliza darasa la saba mwaka 1994, kila siku akiingia kengele imeshalia. Mwaka 1996 jicho la kushoto likafifia. Daktari wa macho akataka kuyaona na magoti.

"Siku zote mlikuwa wapi? Baridi yabisi huwapata hata watoto, na huweza kuingia machoni bila kuuma. Angeletwa mapema, jicho lingepona."

Jicho halikurudi. Dawa za kila wiki, kupimwa damu na mazoezi viliiokoa miguu.

Alijifunza cherehani, akafungua kibanda mwaka 2001. Alifungua saa nne kamili, wala si dakika moja kabla, ndipo wateja wakambatiza Fundi Saa Nne. Fundi viatu wa jirani alipomposa, alimjibu, "Nimekubali, ila harusi iwe alasiri. Asubuhi mimi siolewi, hata uje na bendi." Walioana tarehe 7 Agosti 2004, alasiri.

Miaka ya mwisho ugonjwa ulifika mapafuni. Alilazwa tarehe 2 Juni 2024. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aliinua kichwa: "Dada, ni yeye?" Baba Mkubwa alikuwa ametuma ujumbe kwamba yuko njiani. Safari ya nusu saa ilimshinda wiki nzima. Marehemu alifariki tarehe 9 Juni, saa nane mchana, uso ukiwa umeelekea mlangoni.

Ameacha mume, binti mmoja na dada. Dada mtu hadai shule yake, hiyo imeshapita. Lakini Baba Mkubwa, aliyeketi kiti cha mbele, anadaiwa maneno mawili, ayatamke mbele ya watu hawa kabla udongo haujarudishwa: "Nilikosea, mwanangu."

Yeye apumzike. Sisi tunasubiri.