Wadhamini wa Kimya

Benchi limeegemea ukuta wa kibanda cha Fundi, mtengeneza pasi na feni, na asubuhi hiyo lilikuwa na pengo katikati. Pengo hilo ni la Kimya. Tangu ghala alilokuwa akifanyia kazi lifungwe, Kimya amekuwa akinywa kahawa hapo kila siku bila kumsumbua mtu kwa maneno. Leo ameitwa kwenye usaili, kazi ya kushika funguo za ghala jingine, na wenzake walikuwa wanangoja habari kama watu wanaongoja mali yao, maana kazi yenyewe wamemtafutia wao mtandaoni. Fundi alikuwa na pasi iliyofunguliwa mapajani, lakini mkono haukuwa kwenye kazi.

— Ataipata, alisema Admini, kijana anayesimamia makundi arobaini kwa simu moja. — Nimemjazia wafuasi elfu nne. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukifuatwa na wageni wengi, lazima upone.

— Wafuasi si kitu, alisema Karani, mzee aliyestaafu na suti yake moja. — Iliyomwita ni picha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikamwambia mpiga picha ainame, Kimya akatoka mrefu kama mlingoti. Na suti ni yangu.

— Suti yako sawa, sura je? aliuliza Fundi. — Mimi sikumtambua.

— Niliing'arisha kidogo, alisema Admini. — Mwajiri hataki sura yenye mawazo.

— Tena kila alfajiri nilikuwa napitia picha za meneja wao, nazipa laiki kwa niaba ya Kimya, Karani aliendelea. — Za harusi, za msiba, zote.

— Msiba nao unaulaiki, mzee?

— Haba na haba hujaza kibaba, kijana.

— Hiyo ya kwako ndogo. Mimi nilimpongeza paka wa meneja kwa kutimiza mwaka. Paka akajibu asante.

— Paka?

— Ana akaunti. Sasa mtu ameshazoeana na paka wako, utaanzia wapi kumnyima kazi?

Fundi alicheka bila kutaka. — Haya, na sisi watatu ndio wadhamini. Asije akakosa kwa sababu yetu.

— Akose vipi? Kazi siku hizi ni kujuana, alisema Karani. — Na sisi tunajuana.

Hapo dada mmoja mwenye mkoba begani akasimama mbele yao. Akamwamkia Karani, akawasalimu wengine.

— Natoka ofisini, mtu wenu nimemwacha anasubiri. Kwa kazi ya funguo hatuamini simu, wadhamini tunawafuata walipo. Nina swali moja tu. Huyu mnayemdhamini anaitwa nani?

— Kimya, alijibu Admini upesi.

— Jina lake.

Admini akainua simu. Humo ameandikwa Kimya wa Benchi. Akafungua akaunti aliyomtengenezea kwa mikono yake. Juu ya picha yenye ile suti palisomeka: Mtaalamu wa Maghala.

— Linaanza na... Karani akakohoa. — Baba yake alikuwa mtu mwema sana.

— Ulimfahamu, mzee?

— Watu wema wanajulikana, mwanangu.

Fundi alijua kuwa Kimya hatii sukari kwenye kahawa. Alijua kuwa jua likihama, ndiye anayesogea ili mwenzake apate kivuli. Alilitafuta jina kichwani kama anavyotafuta skrubu iliyodondoka sakafuni, akakuta anatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwa mkononi mwake.

— Dada, si unalo kwenye karatasi zako?

— Ninalo, kaka. Nilitaka kulisikia kwenu.

Hakusema kwa ukali. Akaongeza:

— Yeye tulimuuliza wadhamini wake ni akina nani. Alijibu bila kusoma popote.

Akamgeukia Fundi, akamtaja jina lake, la baba yake, na la babu yake. Hapo kijiweni hakuna aliyewahi kulitamka. Fundi akaitika naam, akainuka na pasi mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa, na akabaki amesimama.

— Sasa kwa upande wenu niandike nini? aliuliza dada.

Admini alikuwa bado anapekua makundi. Karani alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

— Andika... alianza Fundi, na kalamu ya dada ikashuka kwenye karatasi, ikangoja.