Gunia la Kiraka cha Kijani

Ndugu Katibu Tarafa, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Ndugu Bwana Shamba. Padri wetu na Shehe wetu, ambao leo nawaona mmebanana benchi moja kwa sababu mabenchi mengine yameliwa na mchwa. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Kilosa mjini na Mikumi. Wanakijiji wenzangu wa Kisanga. Na wewe Ndugu Kornelio, Afisa Mipango wetu mpendwa, tunayekuaga leo na kesho garimoshi linakuchukua: Uhuru!

Ahsanteni. Wakubwa wangu, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata ninyi ambao hamjaniamkia.

Kwa wageni wasionijua, naitwa Teresia, balozi wa nyumba kumi za upande wa mtoni. Nimepewa dakika kumi za kumsifu Ndugu Kornelio, na Mwenyekiti amenisihi mara mbili nisiseme kingine. Nimemwahidi. Kijiji hiki mwaka huu kimeahidi mengi, ahadi moja zaidi haitatuvunja mgongo.

Basi nimsifu. Ndugu Kornelio anakwenda Dar es Salaam kwa cheo kikubwa: atakaa katika ofisi ya mashine. Msioijua mashine hiyo, nitawaeleza kama yeye alivyotueleza sisi, katika darasa lile pale, siku aliyotuletea fomu. Inaitwa kompyuta. Ni kubwa kama chumba, na inakaa ndani ya nyumba inayopulizwa baridi mchana kutwa, maana ikipata joto inaugua. Chakula chake ni kadi zenye matundu. Sisi huku tunajaza fomu, wao kule wanatoboa kadi, mashine inasoma, kisha inawashauri wakubwa: kijiji fulani kipande nini, kipande lini, kipewe mbolea kiasi gani, na chakula chake cha ziada kipelekwe wapi. Mzee Hezekia akauliza, "Mwanangu, hiyo mashine imewahi kushika jembe?" Ndugu Kornelio akamjibu kwa upole wake ule tunaoujua, "Mzee wangu, haina haja ya jembe. Mashine haikosei."

Tukampigia makofi. Nani asiyetaka kuwa na ndugu asiyekosea?

Na ushauri wake tumeuona. Ilitushauri mbolea, nayo mbolea ikaja. Ilikuja mwezi wa sita tukiwa tunavuna. Hatukulalamika, ndugu zangu. Tuliipanga mifuko yake darasani, na watoto wa darasa la pili, ambao tangu shule ifunguliwe walikuwa wanakaa chini, wakapata pa kukalia. Sasa mtu aje aniambie kwamba Mipango haikusaidia elimu!

Tena fomu yenyewe ilikuwa na visanduku vya kila kitu: mvua, udongo, majembe, mikono ya kufanya kazi. Tembo hakuwa na kisanduku. Nikamwambia Ndugu Kornelio, mwanangu, sisi ni majirani wa mbuga ya Mikumi, na tembo wa Mikumi hajui mpaka wala hasomi kibao cha barabarani. Akafikiri sana. Mtu msikivu huyu, msimwone hivi. Akamwandika tembo chini ya "Mengineyo", pamoja na panya.

Mnacheka? Chekeni, leo ni sherehe. Lakini Jumatatu, wakati Ndugu Kornelio anatafuta nyumba ya kupanga huko Dar es Salaam, hapa kwetu litakuja lori. Karatasi ya mashine imefika wiki iliyopita, Mwenyekiti anayo mfukoni. Inasema kijiji hiki kina magunia mia nne ya mahindi. Inasema tukila vizuri mpaka mavuno yajayo, na mbegu tukiweka, bado tutakuwa na ziada ya magunia mia mbili, na ziada hiyo ichukuliwe Jumatatu ipelekwe kwenye upungufu. Ni ushauri mzuri kabisa. Hata mimi ningekuwa mashine ningeshauri hivyo.

Ila tuna magunia themanini.

Ndiyo, Ndugu Katibu Tarafa, umesikia vizuri. Themanini, mbegu ikiwa humo humo. Lori likichukua yote, bado tutadaiwa mia moja na ishirini, na ifikapo Krismasi watoto wetu watakula ile bendera ya kijiji bora tuliyopewa.

Sasa mtaniuliza, mashine isiyokosea imeyatoa wapi magunia mia nne? Nitasema, maana aliyeyatengeneza ni mimi na wenzangu mnaowaona wameinamisha vichwa.

Mnaukumbuka mwaka juzi, mwaka wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada wa njaa. Ndugu Simoni, yule pale mwenye kofia, alilima ekari tatu. Tembo wakaja siku mbili, wakamaliza. Kwenye mkutano wa kijiji ikasemwa kwamba kila mwenye ghala tupu ni mvivu, na mvivu ni adui. Mkutano ukaamua Simoni asimame mbele yetu na jembe lake kichwani. Alisimama tangu asubuhi hadi adhana ya mchana. Mke wake alikuwa ameketi nyuma yangu, nilimsikia anavuta pumzi. Nani kati yetu alisema neno? Mimi nilikuwa mstari wa mbele, na nilipiga makofi. Siwezi kusahau, ingawa nimejaribu.

Kwa hiyo mwaka huu, tuliposikia Ndugu Kornelio anakuja kuhesabu chakula nyumba kwa nyumba, tulikutana kisimani tukaapa: hapa hasimami mtu tena na jembe. Hakuna nyumba itakayokutwa tupu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndugu Kornelio alikuja, na kwa siku nne alipita nyumba arobaini. Wageni wetu, ninyi mnajua desturi ya huku: mgeni haruhusiwi kutoka bila kuonja, na haharakishwi. Akiingia nyumba ya kwanza, anaonyeshwa magunia, anaandika, kisha anaketishwa mbele ya ugali na kuku. Yeye akinawa, vijana wanatoka na yale magunia kwa mlango wa uani. Yeye akivunja paja, magunia yanavuka migomba. Yeye akisema "Alhamdulillahi" au "Bwana asifiwe", maana alikuwa anaangalia kwanza ni nyumba ya nani, magunia yameshapangwa nyumba ya pili yanamsubiri. Kufika nyumba ya nane alikuwa amelegeza mkanda. Kuku wa kijiji hiki waliisha, hata jogoo wa Padri hakupona, Padri utusamehe, ulikuwa safarini Lumuma.

Hivyo ndivyo magunia themanini yalivyozaa mia nne. Mashine ilishauri sawasawa. Sisi ndio tuliolisha kadi zake uongo, tukisaidiwa na kuku.

Tukapata bendera ya kijiji bora cha chakula. Wenzetu wa vijiji jirani wakaletwa kwa matrekta waje wajifunze kwetu. Jirani yangu Sikuzani, ambaye tangu tumjue hajawahi kuvuna magunia matano, aliwahutubia wageni hao juu ya nafasi za mistari. Hotuba nzuri, mimi mwenyewe nilijifunza.

Hapa Mwenyekiti ananitazama. Mwenyekiti, bado namsifu Ndugu Kornelio, subiri nimalizie sifa iliyo kubwa kuliko zote, sifa ya macho yake.

Kati ya magunia yale, moja lilikuwa langu. Lilitoboka pembeni, nikalitia kiraka cha kanga ya kijani. Kanga hiyo nilinunuliwa na marehemu mume wangu sikukuu ya Saba Saba, na nilipochoka kuivaa sikuweza kuitupa. Hakuna gunia la pili la namna hiyo Kisanga nzima. Nililifuata kwa macho siku zote nne: liliandikwa mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja ilikuwa kwa Sikuzani. Ndugu Kornelio alilisogelea, akakipapasa kile kiraka kwa kidole, taratibu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya kuku. Nilisema moyoni, tumekwisha. Akageuka, akanitazama, akasema:

"Mama Teresia, shikamoo tena. Naona kanga hii imependwa sana hapa kijijini."

Nikasema, "Marahaba, mwanangu. Imependwa."

Akatabasamu. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika "magunia tisa". Akaketi, akala.

Sasa niwaulize, ndugu zangu, huyo ni mtu wa kawaida? Mtu anayetambua kiraka, anajua anadanganywa, tena anawastahi waliomdanganya kiasi cha kuandika uongo wao kwa mwandiko mzuri? Sisi tulidanganya kwa hofu ya jembe. Yeye aliogopa nini, sijui. Ninachojua ni kwamba wilaya iliyopata kijiji cha magunia mia nne ilisifiwa, na aliyekihesabu amepewa ofisi yenye baridi. Sikuonei gere, mwanangu. Ulikula kuku wetu arobaini na hukutusema, na wala sisi hatukukusema. Tulikuwa ndugu hasa.

Bwana Shamba, ambaye ni mtu mwoga lakini mkweli, amenieleza jambo. Kuna fomu ya kusahihisha hesabu. Fomu hiyo haikubaliwi bila sahihi ya yule yule aliyehesabu. Atakayekuja badala ya Ndugu Kornelio hawezi kuitia sahihi, kwa sababu yeye hakuona magunia. Garimoshi likiondoka kesho na mtu huyu, linaondoka na chakula chetu. Na Ndugu Katibu Tarafa, nilipokuletea maji ya kunawa asubuhi nilikuuliza, na ulisema mbele ya mashahidi kwamba ukiiona sahihi hiyo utapiga simu Kilosa leo leo, lori lisitoke. Nashukuru. Maji yalikuwa ya moto kwa makusudi.

Basi umefika wakati wa zawadi. Kijiji hakimuagi mgeni wake mikono mitupu. Sikuzani, lilete.

Ndugu Kornelio, pokea. Ndilo lenyewe, gunia la kiraka cha kijani. Limekunjwa, na limefungwa kwa bendera ya kijiji bora, ambayo tumeishusha alfajiri kwa mikono yetu. Mahindi yake tumeyamimina katika gunia jingine, na magunia yote tumeyaweka ndani ya kanisa, maana ndilo jengo lenye mlango mmoja, hayawezi kutoka kwa uani. Shehe na Padri wamehesabu pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe huku nimewaona wamekubaliana. Themanini. Ndani ya gunia mna fomu. Ina dole gumba la kila nyumba, arobaini kamili, na juu yake tumeandika, "Tulidanganya." Nafasi moja tu imebaki wazi.

Najua unachofikiri, mwanangu. Ukitia sahihi, huko Dar es Salaam watauliza ulikuwa wapi wakati gunia moja linazunguka. Huenda ofisi ya baridi ikapewa mwingine. Hilo ni kweli, na sina cha kukupoza. Nina watoto watano kwenye ukoo wangu ambao hawajafika umri wa shule, na wengine wawili nimekwisha kuwazika mwaka wa yanga. Nimesema. Sikutaka kulisema hapa kwenye sherehe, lakini nimesema.

Wala sitaki uaibike peke yako. Kaka Simoni, nisaidie jembe lako. Lile lile. Ahsante. Hivi ndivyo lilivyowekwa, siyo? Mpini mbele. Ni zito kuliko nilivyodhani siku ile ninapiga makofi. Kaka Simoni, nisamehe.

Ndugu Katibu Tarafa, usiinuke, sijambo. Anayestahili kusimama na jembe mwaka huu ni mimi, kwa sababu la kisimani nililianzisha mimi. Nitasimama mpaka fomu ile ijae. Sikuzani, wewe keti, una mimba. Hutaki? Haya, simama, lakini egemea ukuta. Na ninyi huko nyuma, nani kawaambia msimame? Basi. Basi, jamani.

Ndugu wageni, mmenipa masikio yenu zaidi ya dakika kumi, na ninayarudisha kwenu kwa shukrani nyingi. Ngoma ipo, pilau ipo, vyote vitasubiri kidogo. Ndugu Kornelio, kalamu iko mfuko wa kushoto, ile ile ya siku ya kuku. Sisi tumesimama.