Anyelwisye Mwakisole, Fundi wa Gari la Mwalimu Devota

Baba mchungaji, padre wetu, wazee mliosafiri kutoka Rungwe, shemeji yangu Devota, majirani wa Ipogolo na mafundi mliofanya kazi na marehemu, familia imenituma mimi Shedrack, mdogo wake, niwasomee safari ya kaka yetu hapa duniani, nami nitajitahidi kuifikisha mwisho.

Anyelwisye Andendekisye Mwakisole alizaliwa tarehe 4 Mei 1974 huko Masoko, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee Andendekisye Mwakisole, tuliye naye hapa, na mama yetu Damari, aliyetutangulia mwaka 2001. Alibatizwa katika Kanisa la Moravian, akasoma shule ya msingi hapohapo Masoko kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, ambako walimu walimsifu kwa hesabu, na kumwadhibu mara moja kwa kuifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, akairudisha ikitembea vizuri, ila skrubu mbili zikabaki mkononi mwake.

Mwaka 1989 alikwenda Mbeya mjini kujifunza kazi katika gereji moja ya Mwanjelwa, mwaka 1993 akapata cheti cha ufundi wa magari, na mwaka 2003 akahamia Iringa na kufungua gereji yake hapa Ipogolo. Alikuwa fundi mzuri lakini mwenye haraka, akisikia injini inanguruma tu anakuambia ugonjwa wake kabla hujamaliza kueleza, na tabia hiyo yeye mwenyewe alisema ilianza kuponywa na mtu mmoja, tarehe 16 Februari 2009.

Siku hiyo aliletewa gari dogo la Kijerumani, toleo la mwaka 1973, likivutwa kwa kamba. Mwenye gari alikuwa Mwalimu Devota Kikoti wa Tosamaganga, aliyeachiwa gari hilo na daktari mzee wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Giaboksi yake ya otomatiki ilikuwa imechoka kwa umri, injini inawaka, unaweka gia, gari halisogei. Kaka hakuinama hata kuchungulia, alisema, "Mwalimu, hii otomatiki tunaitupa, nakufungia giaboksi ya kawaida, utaendesha miaka ishirini." Mwalimu Devota aliinua pindo la sketi mpaka chuma kinachoshika mguu wake wa kushoto kikaonekana, mguu uliodhoofishwa na polio tangu akiwa na miaka mitatu, akauliza kwa upole, "Na klachi atanikanyagia nani, fundi?"

Kaka alisimulia habari hiyo mara nyingi mbele yetu, na kila alipofika hapo alishusha sauti. Alimwomba radhi, akamwambia hajawahi kufungua giaboksi ya otomatiki ya gari la zamani namna hiyo, lakini akimpa muda ataifungua. Mafundi wenzake walimwonya kwamba anajitafutia aibu, maana ndani ya giaboksi ile kuna vijia vya oili vyembamba kama mishipa, na spea zake mjini hakuna. Aliishusha, akaifungua juu ya shuka jeupe, akapanga kila kipande kwa mpangilio kilivyotoka, akasafisha, akabadilisha sili za kuzuia oili isivuje, zile alizozipata, na tarehe 20 Juni wakatoka wawili hao kulijaribu gari, mwalimu kwenye usukani, kuelekea Ilula.

Lilikwenda vizuri mpaka Ilula, na pale mbele ya wauza nyanya injini ikapiga kelele, magurudumu yakasimama. Marehemu aliingia chini ya gari, akaona oili inamwagika, akatambua kwamba sili moja aliifunga kinyume, kwa haraka yake, na kwamba plate za ndani, alizokuwa amezihurumia bila kuzibadilisha, zimeungua. Alitoka huko akiwa na matope mpaka masikioni, akingoja kugombezwa. Mwalimu Devota alimtazama, akasema, "Fundi, tangu asubuhi umekula?" akamnunulia mahindi ya kuchemsha, wakakaa ukingoni mwa barabara, wakala, wakisubiri lori la kuwavuta. Kaka alituambia kwamba aliirudisha ile giaboksi gereji akiwa ameshaamua mambo mawili, na la pili hakulisema kwa miezi mingine kumi.

Alitafuta spea mpaka Mbeya, akakosa, ndipo akaambiwa kwamba Igowole, kwa mzee Crispin Chengula, lipo gari la aina ileile, limegeuka banda la kuku. Mzee Crispin alimkatalia, akasema lile lilikuwa gari la marehemu mkewe na haliuzi. Kaka hakubishana. Alisaidia kuwafungia kuku, akanywa chai, na katika maongezi akaeleza gari analolitengeneza ni la nani, na kwa nini haliwezi kufungwa giaboksi nyingine. Asubuhi mzee alimkuta barazani alikolala, akampa jeki na kumwambia, "Chukua hiyo giaboksi, kuku hawaihitaji."

Tarehe 28 Novemba 2009 Mwalimu Devota alipanda mlima wa Tosamaganga kwa gari lake, gia ya kwanza, ya pili na ya tatu zikiingia zenyewe bila kishindo, na fundi ameketi pembeni amefumba macho, akisikiliza. Tarehe 30 Aprili 2011 walifunga ndoa Tosamaganga, baada ya mazungumzo marefu kati ya Wamoraviani wa kwetu na Wakatoliki wa kwao, na Mungu akawajalia watoto wawili, Tumpe, aliyezaliwa mwaka 2012, na Mika, aliyezaliwa mwaka 2015.

Mwezi Oktoba 2024 marehemu alianza kushindwa kumeza, hata ndizi laini alizozipenda tangu utotoni zikawa zinamkwama, na vipimo vikaonyesha saratani ya koo. Matibabu yalikuwa Mbeya, na kila baada ya wiki tatu mkewe alimpeleka mwenyewe kwa gari lile, kupitia Makambako, ambako walikuwa wakilala kwangu.

Mwezi Machi mwaka huu, akiwa amekonda sana, aliomba gari lipandishwe gereji abadilishe oili na filta ya giaboksi. Shemeji alikataa, akamwambia, "Lala, Baba Tumpe, gari litasubiri." Kaka akamjibu, "Litasubiri, lakini mimi sijui." Basi akalala chini ya gari juu ya godoro, na spana ilipomshinda kugeuza, mkewe aliweka fimbo yake kando, akashuka taratibu, akalala ubavuni mwake, na bolti zote za sampo, lile bakuli la oili la chini, alizikaza yeye, mume akimwelekeza ipi ifuate na ikazwe kiasi gani. Niliwakuta wamemaliza, bado wamelala pale chini, wanaongea. Niliondoka bila kuwaita.

Alifariki dunia tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 51, mwezi mmoja na siku tano, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Mbeya na Iringa, majirani wa Ipogolo waliopika na kukesha nasi, walimu wanaofundisha na Mwalimu Devota, na mafundi waliofunga gereji zao siku tatu hizi. Tunamshukuru kwa namna ya pekee baba yetu, mzee Andendekisye. Kwa desturi mwanawe angelazwa Masoko, kando ya mama, lakini makaburi yetu yako chini ya mteremko wa udongo unaoteleza, na mzee aliposikia jinsi jambo hilo lilivyokuwa likimuumiza kaka, aliuliza neno moja tu, "Mke wake ataweza kushuka?" Tukasema hapana. Akasema, "Basi azikwe Iringa."

Kaka, umefanya kazi nzuri. Lala salama, pumzika kwa amani.